Vijistari nyuma ya daftari la viazi

Mkazamjomba wangu wa Magamba ana daftari analoandikia madeni ya viazi na kabichi. Ukilifungua kwa nyuma hukuti deni la mtu. Unakuta vijistari vya wima, vinne vinne, cha tano kimelazwa juu ya wenzake, na pembeni ameandika saa: tano na robo mpaka sita kasorobo. Kila kijistari ni mara moja ambapo mume wake alikuwa anakoroma, akanyamaza ghafla, asivute pumzi, kisha akagutuka kama mtu aliyeopolewa majini.

Nilivihesabu. Vilikuwa 14, ndani ya nusu saa.

“Sikujua kama ni ugonjwa,” aliniambia huku akimenya viazi jikoni. “Nilitaka tu nijue kama leo zimezidi za jana. Ukimwamsha anakwambia hajalala. Mjomba wako huyu kila usiku anakufa, mwanangu, na kila usiku anarudi.”

Magamba iko juu ya mji wa Lushoto, zaidi ya mita 1,600 kutoka usawa wa bahari, pale barabara inapokaribia msitu wa hifadhi ya mazingira asilia. Mwezi wa sita na wa saba baridi yake si ya mchezo. Watu hufunga madirisha mapema na kujikunyata chini ya mablanketi, na katika nyumba ambazo kuta za vyumba hazifiki darini, anayekoroma chumba hiki husikika mpaka chumba cha watoto. Hakuna anayeshtuka. Kwetu akoromaye amelala usingizi wa pono. Amechoka kwa kazi halali, mwacheni apumzike. Na mjomba wangu kazi yake ni ya kuchosha kweli. Ni dereva wa Fuso. Jioni anapakia karoti, kabichi na viazi, anashuka kona za Soni mpaka Mombo, zaidi ya kilomita 30 za ukuta wa mlima upande mmoja na korongo upande wa pili, kisha Korogwe, Segera, Chalinze, ili alfajiri awe sokoni Dar es Salaam.

Mimi nilishtuka mchana. Alikuwa amerudi safari, amekula ugali wake, akajiegemeza kwenye kochi la sebuleni huku tukiongea habari za bei ya karoti. Nikiwa katikati ya sentensi, akawa amelala. Koromo lilianza chini, likapanda, likawa la mtu anayekata mbao, halafu kimya. Nikatazama kifua chake nikidhani ameacha kuhangaika. La. Kifua kilikuwa kinashuka wakati tumbo linapanda, na tumbo linashuka wakati kifua kinapanda, kama watu wawili wanaovuta shuka moja. Midomo imefumba. Hewa haiingii. Nilifungua saa ya simu, nikahesabu sekunde 23 kabla hajatoa mkoromo mmoja mkubwa, akajigeuza, akaendelea kulala. Hakujua lolote. Alipoamka aliniuliza tulikuwa tumefikia wapi.

Kile kifua na tumbo kupishana ndicho kinachoutaja ugonjwa wenyewe. Mtu anapolala misuli ya koo hulegea. Kwa baadhi yetu, kwa sababu ya unene wa shingo, umbo la taya, ulimi mkubwa au mafindofindo, njia ya hewa nyuma ya ulimi hujifunga kabisa. Ubongo unaendelea kutoa amri ya kuvuta, misuli ya kifua inavuta, lakini mlango umefungwa. Oksijeni kwenye damu inashuka, ubongo unapata hofu, unamwamsha mwenye mwili kwa sekunde chache tu, koo linafunguka, na mzunguko unaanza upya. Madaktari wanaita apnea ya usingizi ya kuziba. Ipo nyingine ambayo ubongo wenyewe husita kutoa amri, na hapo kifua hutulia tuli. Hiyo ya pili huwapata hata watu wazima wa afya wanapolala kwenye milima mirefu, kuanzia kama mita 2,500 hivi. Magamba haijafika huko, kwa hiyo tusiisingizie hewa ya Usambara.

Jambo hili limejulikana kitabibu kwa muda mfupi kuliko umri wa mjomba wangu. Mwaka 1965 Henri Gastaut na wenzake mjini Marseille, Ufaransa, na Jung na Kuhlo kule Ujerumani, waliwapima wagonjwa wanene waliokuwa wakisinzia ovyo mchana, wakaona kwenye karatasi za mashine kwamba pumzi zao zilikuwa zinakatika usiku. Miaka 11 baadaye, mwaka 1976, Christian Guilleminault wa Chuo Kikuu cha Stanford na wenzake wakaipa hali hiyo jina linalotumika leo. Na mara tu ugonjwa ulipopata jina, likaja swali lililomsumbua mkazamjomba wangu na daftari lake: ni nyingi kiasi gani? Kila mtu pumzi yake huweza kusita mara moja moja usiku. Nani mgonjwa, na nani mgonjwa sana?

Jibu lililokubalika ni hesabu ya kugawanya. Mtu analazwa maabara usiku mmoja, anabandikwa nyaya kichwani kupima mawimbi ya ubongo, pembeni mwa macho, kidevuni na miguuni. Anawekewa kijibomba puani, mikanda miwili kifuani na tumboni, na kibanio kidoleni cha kusoma oksijeni. Kipimo hicho kinaitwa polisomnografia. Asubuhi fundi anaupitia usiku mzima vipande vya sekunde 30, kimoja baada ya kingine. Hewa ikipungua kwa asilimia 90 au zaidi kwa muda usiopungua sekunde 10, hiyo ni pumzi iliyokatika. Ikipungua kwa asilimia 30 au zaidi kwa muda uleule, na oksijeni ikashuka kwa pointi 3 au ubongo ukagutuka, hiyo ni pumzi iliyofifia. Wengine hudai oksijeni ishuke pointi 4. Zote zinajumlishwa, zinagawanywa kwa saa alizolala. Jawabu linaitwa fahirisi ya apnea na haipopnea. Chini ya 5 kwa saa, mtu mzima ni salama. Kuanzia 5 hadi chini ya 15 ni ugonjwa mdogo, 15 hadi chini ya 30 ni wa wastani, 30 na kuendelea ni mkali.

Mistari hiyo mitatu, 5, 15 na 30, imechorwa na watu. Kamati ya wataalamu wa Marekani iliiandika mwaka 1999, na tangu hapo imebaki kama ilivyo. Mwenye 14 na mwenye 16 hawatofautiani kwa lolote ambalo mke anaweza kuliona kitandani, ila karatasi zao zitasomeka tofauti. Hata hivyo haikuchorwa hewani. Katika jimbo la Wisconsin wafanyakazi wa kawaida walipimwa usingizi na kufuatiliwa miaka minne, na taarifa ya mwaka 2000 ikaonyesha kwamba waliokuwa na 15 au zaidi walikuwa na uwezekano wa karibu mara tatu wa kupata shinikizo la damu, ukilinganisha na wasio na tatizo hata moja. Katika nchi ambayo presha imeingia kila ukoo, namba hiyo si ya kuipita haraka.

Lakini kipimo chochote cha kugawanya kina mtego wake, na mjomba wangu aliingia ndani yake mzimamzima.

Hospitali ya kwanza aliyokwenda alipimwa presha, akaambiwa ni ya juu, akapewa dawa, na alipotaja kukoroma akajibiwa kuwa wanaume wote wanakoroma, apunguze nyama. Alirudi nyumbani ameridhika. Mkazamjomba hakuridhika. Safari iliyofuata ya Dar es Salaam alimfungia daftari ndani ya mfuko wa sare zake, na daktari wa masikio, pua na koo aliyelifungua, Mungu ambariki, alilisoma mpaka mwisho. Hakumpeleka maabara. Alimpa kifaa kidogo cha kuvaa nyumbani: mkanda mmoja wa kifuani, kijibomba cha puani na kibanio cha kidoleni. Kikapanda Magamba kwenye Fuso, kikalala usiku mmoja, kikarudi na mzigo wa kabichi.

Kifaa kilirekodi saa 8, tangu saa nne usiku mpaka saa kumi na mbili asubuhi, na kikahesabu pumzi 208 zilizokatika au kufifia. Gawanya: 26 kwa saa. Wastani. Ila kifaa cha nyumbani hakina nyaya za kichwani. Hakijui kama aliyekivaa amelala au anatazama dari. Kinagawanya kwa saa zote alizokivaa. Daktari akarudi kwenye daftari. Usiku ule mkazamjomba alikuwa ameandika kwamba mumewe alijigeuzageuza kwa sababu ya ule mkanda, akashikwa na usingizi saa tano, akaamka saa nane, akakaa kitandani mpaka saa tisa. Alilala saa 6. Gawanya tena 208 kwa 6, unapata karibu 35. Ugonjwa mkali. Mtu yuleyule, usiku uleule, kilichobadilika ni kigawanyo peke yake, na kigawanyo hicho kilitoka kwenye daftari la madeni ya viazi.

Nimesimulia hili kwa urefu kwa sababu ndilo ninalotaka msomaji alishike. Tunazungumzia vipimo kana kwamba ni mashine tu. Kwenye ugonjwa huu shahidi wa kwanza, na mara nyingi wa pekee, ni yule anayelala pembeni. Mgonjwa hawezi kujitolea ushahidi, alikuwa amelala.

Kuna mambo mengine ambayo ile fahirisi haisemi. Chukua watu wawili wenye 20 kwa saa. Mmoja pumzi zake hukatika kwa sekunde 12, oksijeni yake inatoka 95 inafika 91, inarudi. Wa pili hukatika kwa sekunde 45, oksijeni inashuka mpaka 72, na moyo unapiga mbio kila mara. Karatasini ni ndugu mapacha. Ndiyo maana siku hizi daktari mzuri hutazama pia oksijeni ilifika chini kiasi gani, na ni dakika ngapi za usiku ilikaa chini ya 90. Mwaka 2019 watafiti wa Boston wakiongozwa na Ali Azarbarzin walipima kina na urefu wa miporomoko yote ya oksijeni kwa pamoja, wakakuta kwamba ukubwa wake ulitabiri vifo vya magonjwa ya moyo, wakati ile fahirisi ya kawaida haikufanya hivyo. Mjomba oksijeni yake ilianzia 94, si ajabu kwa mwinuko wa Magamba, ikafika 74. Namba hiyo ya mwisho ilinitisha kuliko ile 35.

Na hapa lipo jambo linalotuhusu sisi hasa. Kile kibanio cha kidoleni hupitisha mwanga kwenye ngozi, na ngozi nyeusi hukichanganya. Mwaka 2020 madaktari wa Michigan walilinganisha usomaji wa kibanio na damu iliyotolewa kwenye mshipa. Kati ya wagonjwa ambao kibanio kilisema wako kati ya 92 na 96, waliokuwa kwa kweli wako chini ya 88 walikuwa asilimia 3.6 ya wazungu na asilimia 11.7 ya weusi. Utafiti ule ulikuwa wa wagonjwa waliolazwa, haukuwa wa usingizi. Lakini kama kifaa kinaweza kumsifia mtu mweusi oksijeni asiyokuwa nayo, basi pumzi iliyofifia ambayo huhesabiwa tu pale oksijeni ikishuka pointi 3 au 4 inaweza kumpita mtu wetu bila kuandikwa. Daktari wa Lushoto au Tanga anaposoma karatasi yenye 13 akumbuke hilo, hasa kama mgonjwa aliye mbele yake anasinzia akiulizwa jina.

Kusinzia kwenyewe nako kunapimwa. Mwaka 1991 Murray Johns wa Melbourne, Australia, alitunga maswali 8: una uwezekano gani wa kusinzia ukisoma, ukitazama televisheni, ukiwa abiria kwenye gari kwa saa nzima, ukiongea na mtu, ukiwa umekaa kimya baada ya chakula cha mchana? Kila jibu ni kati ya 0 na 3, na jumla ikizidi 10 kuna tatizo. Ni maswali mazuri, ila yaliandikwa kwa maisha ya Melbourne. Mama anayetoka Magamba na tenga la pea kichwani kushuka sokoni Lushoto, akirudi ashike jembe, hapati nafasi ya kukaa kitini asinzie. Atapata alama 4 na huku amekwisha. Na dereva atadanganya. Mjomba alijaza 6. Nilimwuliza, mbona ulilala tukiongea? Akanijibu taratibu, “Mpwa wangu, nikiandika ukweli leseni yangu ataishika nani?” Sikuwa na jibu, na sidhani kama sisi kama nchi tunalo. Dereva anayejua kwamba ukweli utamnyima mkate atanyamaza, na abiria wa basi linalopishana naye Mombo ndio watakaolipa.

Pale ambapo hakuna mashine kabisa, yapo maswali mengine 8 ya ndiyo au hapana, yaliyotungwa Toronto na Frances Chung na wenzake mwaka 2008. Unakoroma kwa sauti? Unachoka mchana? Kuna aliyekuona pumzi ikikatika? Una presha? Halafu unene, umri wa zaidi ya miaka 50, mzingo wa shingo unaozidi sentimita 40, na kuwa mwanamume. Ndiyo 5 au zaidi, hatari ni kubwa. Tulimpima mjomba shingo kwa futi ya fundi cherehani wa jirani, aliyedhani tunashona shati. Sentimita 44. Alipata 7 kati ya 8, na hatukuhitaji umeme wala kidonge. Si uthibitisho wa ugonjwa, lakini hakuna zahanati isiyoweza kuuliza maswali hayo.

Kwa watoto hesabu ni nyingine kabisa, na wazazi wengi hawaijui. Mtoto kukatika pumzi zaidi ya mara moja kwa saa tayari si kawaida, na zaidi ya 10 ni ugonjwa mkali. Mtoto anayelala mdomo wazi, anakoroma, anakojoa kitandani na darasani hatulii, huenda ana nyama za pua au mafindofindo makubwa, na upasuaji mara nyingi humaliza tatizo. Wenye selimundu wanahitaji macho zaidi. Watafiti waliwavalisha watoto vibanio vya vidoleni usiku Dar es Salaam, kupitia kliniki ya Muhimbili, wakakuta wenye selimundu oksijeni yao ya usiku ilikuwa chini kuliko ya wenzao. Maana yake ni kwamba kupima usingizi wa Mwafrika Mashariki nyumbani kwao si ndoto. Hata Wahadzabe wa bonde la Ziwa Eyasi walivalishwa vifaa vya mkononi, na matokeo yakachapishwa mwaka 2015 yakionyesha kuwa walilala muda mfupi kuliko wengi walivyodhani.

Tiba nitaigusa kidogo. Mwaka 1981 Colin Sullivan wa Sydney alichukua mota ya mashine ya kufyonzea vumbi, akaigeuza isukume hewa puani, na wagonjwa watano wakalala bila pumzi kukatika. Mashine za leo ni wajukuu wa ile. Zinataka umeme wa usiku kucha na fedha. Wengine husaidiwa na kupunguza uzito, kulala ubavu, kuacha pombe ya jioni, au kifaa cha meno kinachovuta taya mbele. Ila hata tiba hurudi kwenye kipimo. Mwaka 2016 utafiti wa watu zaidi ya 2,700 wenye maradhi ya moyo au waliowahi kupata kiharusi, ambao hawakuwa wasinziaji sana, ulionyesha kwamba mashine haikupunguza viharusi wala mishtuko ya moyo; kwa wastani waliivaa kama saa tatu tu kwa usiku. Iliwapunguzia usingizi wa mchana na kuwaboreshea maisha. Kwa dereva wa Fuso hilo peke yake linatosha.

Mjomba hashuki tena Soni usiku. Anapakia saa kumi alfajiri baada ya kulala ubavu, na mpira wa soksi umeshonewa mgongoni mwa fulana yake asilale chali. Anachanga fedha za mashine. Mkazamjomba bado anahesabu; juzi ilikuwa 6 kwa nusu saa.

Kwa wanaosimamia hospitali zetu za wilaya, kuanzia ya Lushoto, ombi langu ni dogo: kibanio kimoja chenye kumbukumbu ya usiku mzima, cha kuazimishwa kama mjomba alivyoazimwa, na yale maswali 8 ya ndiyo au hapana yabandikwe chumba cha kupimia presha. Kwako wewe unayelala karibu na mtu ambaye koromo lake hukatika ghafla, usimwamshe kugombana naye. Chukua karatasi. Andika saa aliyolala na saa aliyoamka, hesabu pumzi zinazokatika ndani ya nusu saa, pima kwa saa urefu wa ile iliyokatika kwa muda mrefu kuliko zote, kisha umpe daktari karatasi hiyo mkononi, na usiondoke mpaka aisome.